Wati Elfu Tano za Uongo na Spika za Mjomba

Wadau, leo naomba tuweke siasa pembeni. Najua wapo wanaosubiri nimalizie mada ya wiki iliyopita. Nitaimalizia, deni nalikubali. Leo nataka tuongelee amplifaya. Ndiyo, amplifaya, hilo dude la kusukuma spika. Kama unaona mada haina maana, subiri kidogo, maana kuna mambo mawili matatu humu ndani yanamhusu kila mtu aliyewahi kuingia duka la vyombo vya umeme na kutoka na boksi lenye namba kubwa.

Mjomba wangu alifariki mwaka juzi pale Morogoro, nyumbani Kilakala, chini kabisa ya milima ya Uluguru. Kwa wasiotujua Waluguru, sisi tunafuata ukoo wa mama. Kwetu mjomba si mtu wa kukupa nauli ya shule tu halafu basi. Mjomba ni mhimili. Ndiyo maana alipoondoka, kikao cha familia kilipofika kwenye vitu vyake, binamu zangu hawakuwa na neno: spika mbili na kreti la santuri apewe mpwa wake, huyu mwandishi wa habari, maana ndiye aliyekuwa anakaa naye sebuleni kusikiliza.

Spika zenyewe ni Wharfedale, za Uingereza, maboksi ya mbao yenye rangi ya chai ya rangi. Mjomba alikuwa mfanyakazi wa reli. Alizinunua miaka ya 1970 kwa mwalimu mmoja Mwingereza aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. Amplifaya aliyokuwa akizitumia ilikufa zamani, mimi nikiwa darasa la pili au la tatu. Tangu hapo zikawa meza za kuwekea maua ya plastiki. Mama, ambaye ndiye dada yake, alikuwa akizifuta vumbi kila Jumamosi hata kama hazitoi sauti.

Basi mimi nikajipa kazi. Nilisema Krismasi ukoo ukikutana, spika za mjomba zitaimba. Nilimwambia binamu yangu kwamba natafuta amplifaya inayozifaa, akacheka, akanipiga methali: "Mchagua jembe si mkulima, bwana. Nunua yoyote." Nikaona kweli, mbona najitia utaalamu? Nikaingia dukani hapa Dar, nikalipa shilingi 95,000, nikatoka na kitu kipya kinachong'aa, kina taa za bluu, rimoti, sehemu ya kuchomeka flashi, bluetooth, kila kitu. Boksi limeandikwa kwa maandishi makubwa: WATI 5000.

Krismasi ikafika. Watu wamejaa uani, pilau iko jikoni, nikafunga waya, nikaweka muziki. Kwa sauti ya chini ilikuwa si mbaya. Lakini uani ni uani, watu wakaanza: ongeza, ongeza. Nikaongeza. Sauti ikaanza kukwaruza, mimi nikadhani ndiyo uzee wa spika. Nikaongeza tena. Baada ya wimbo wa tatu upande wa kulia ukawa kama mtu aliyezibwa mdomo kwa mto. Nikasogea karibu, nikasikia harufu ya kitu kilichoungua.

Mama hakusema neno. Alisimama mlangoni, akaiangalia ile spika, akarudi jikoni. Wadau, ningependa angenigombeza.

Siku tatu baadaye nikaibeba ile spika hadi kwa fundi mmoja mzee, Mji Mpya. Ni fundi redio wa zamani, kibanda chake kimejaa mifupa ya redio za National na Philips mpaka juu ya bati. Nikampa shikamoo, nikamweleza. Akafungua, akachomoa ile spika ndogo ya juu tunayoiita twita, akaipima kwa mita yake. Kimya. Imekatika ndani.

"Ulipigia nini?" akaniuliza.

"Ina wati 5000, mzee. Nadhani imezidi nguvu."

Akacheka mpaka akavua miwani. "Haijazidi, mwanangu. Imepungua."

Hapo ndipo nilipoanza kusoma upya. Na hapa ndipo ilipo hoja yangu ya leo: sisi tunaojiita wasomi, tunaohoji takwimu za waziri na kumbana msemaji wa wizara mpaka jasho limtoke, tukifika dukani tunaamini boksi. Mimi ni ripota. Kazi yangu ni kuuliza "namba hii umeitoa wapi?" Nililiuliza boksi? Sikuliuliza.

Hebu tulihoji sasa. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230. Soketi ya ukutani ni ya ampea 13. Zidisha: unapata wati 2,990. Yaani soketi nzima, ikitoa jasho lake lote, haifiki wati 3,000. Sasa kile kidude changu cha shilingi 95,000 kinatoa wapi wati 5000? Nilipokigeuza nyuma nikakuta kibandiko kidogo kimeandikwa kwamba kinatumia wati 60. Sitini! Kinakula 60 na kinatoa 5000. Kama ni kweli, tukifunge kwenye gridi ya Taifa, mgao usahaulike milele.

Au chukua mfano wa nyumbani kabisa. Pasi ya kawaida ni wati 1,000. Kila anayenunua umeme wa Luku anajua pasi ikiwashwa uniti zinavyokimbia. Kitu cha wati 5000 ni pasi tano kwa mpigo. Umewahi kuona mtu anasikiliza muziki Luku ikakimbia namna hiyo?

Hizo namba kubwa za kwenye maboksi hubandikwa herufi za PMPO. Ni namba ya mauzo. Inakisia kishindo cha kufumba na kufumbua, na kila kiwanda kinakisia kwa namna yake. Namba ya kutafuta ni ile yenye herufi RMS, ambayo ni nguvu ambayo amplifaya inaweza kuitoa mfululizo bila kuhema, pamoja na maelezo ya kwamba ni kwa omu ngapi. Debe tupu haliachi kuvuma, na madukani madebe ni mengi.

Sasa kwa nini fundi alisema nguvu imepungua? Alinieleza hivi. Muziki ni mawimbi, yanapanda na kushuka. Amplifaya ndogo ukiilazimisha itoe kuliko uwezo wake, inashindwa kuyapandisha mawimbi mpaka kileleni, kwa hiyo vilele vinakatwa, wimbi linakuwa bapa kama meza. Hayo mawimbi yaliyokatwa vichwa yanazaa sauti kali nyingi ambazo hazikuwepo kwenye wimbo, na sauti kali zote kazi yake ni kwenda kwenye twita. Twita ina waya mwembamba kama unywele. Inapata moto, inakatika. Ule mkwaruzo nilioudhania uzee wa spika ulikuwa ni amplifaya inalia kuomba msaada. Mimi nikaongeza sauti.

Kwa hiyo wadau, jambo la kwanza ni hili: amplifaya haichaguliwi peke yake. Inachaguliwa kwa ajili ya spika ulizonazo na chumba ulichonacho. Anza na spika.

Angalia omu. Nyuma ya spika nyingi za zamani kuna kibandiko. Cha mjomba kilikuwa kimeliwa na mende nusu. Fundi akaweka mita kwenye waya, ikasoma 6 na ushee. Akasema hii ni spika ya omu 8, kwa sababu mita husoma pungufu kidogo. Ya omu 4 ingesoma 3 na kitu. Omu 8 ni habari njema, karibu kila amplifaya inaiweza. Spika ya omu 4 inavuta mkondo mara mbili, kwa hiyo hakikisha nyuma ya amplifaya pameandikwa kwamba inaruhusiwa. Na usije ukaunganisha jozi mbili za omu 8 sambamba ukadhani umebaki na 8. Umebaki na 4.

Kisha angalia hali ya spika zenyewe. Ile duara inayoshika karatasi ya spika kubwa, kama ni ya sponji, baada ya miaka mingi huoza na kumomonyoka ukiigusa. Ya kitambaa hudumu. Za mjomba ni za mpira, bado zinacheza. Zikiwa zimeoza, fedha ya amplifaya ipeleke kwanza huko, la sivyo unamvisha suti mgonjwa.

Halafu tuje kwenye wati. Je, spika za zamani zinahitaji wati ngapi? Hapa watu wengi tunapotea, kwa sababu sikio halihesabu kama kikokotoo. Ukiongeza nguvu mara mbili, kutoka wati 20 kwenda 40, unapata desibeli 3 tu, badiliko dogo unalolisikia kama mtu amesogea hatua moja. Ili sikio liseme "sasa sauti imekuwa mara mbili", unahitaji nguvu mara kumi hivi, yaani kutoka wati 20 mpaka 200. Kwa sebule ya kawaida ya Kilakala au Kinondoni, wati 20 mpaka 40 za kweli kila upande zinatosha na chenji inabaki. Mwaka 1978 kampuni ya NAD ilitoa amplifaya iitwayo 3020, yenye wati 20 tu kila upande kwa omu 8, na mpaka leo wapenzi wa muziki duniani wanaitaja kwa heshima. Wati ishirini! Kwetu duka zima lingecheka.

Sasa kuna swali la amplifaya tupu au risiva, yaani ile yenye redio ndani. Mtazamo wangu: kama unasikiliza redio kweli, chukua risiva ya zamani ya stereo, utapata vitu viwili kwa bei moja. Lakini hizi risiva za sinema za nyumbani zinazoingia kama mtumba kutoka Ulaya, zenye njia tano au saba za sauti, usizikimbilie kwa sababu ya uzito wake. Unalipia njia tano utumie mbili. Na kama una santuri kama mimi, hakikisha nyuma kuna tundu la santuri, lile lililoandikwa PHONO. Sauti inayotoka kwenye sindano ni dhaifu mno na imepindishwa makusudi wakati wa kukata santuri, inahitaji sehemu yake maalumu ya kuikuza na kuinyoosha. Ukiichomeka kwenye tundu la kawaida utasikia kama nyuki ndani ya chupa.

Najua mtanirukia. Mtaniambia: wewe kijana unaishi zamani, mbona sabufa mpya inapiga besi mpaka vioo vinatikisika? Sina ugomvi na sabufa. Kwa singeli na kwa sherehe ya mtaani sabufa ina kazi yake. Ugomvi wangu ni muziki tunaoupoteza.

Fikiria Morogoro yenyewe. Huu ndio mji wa Salum Abdallah na Cuban Marimba. Huu ndio mji wa Morogoro Jazz, na Mbaraka Mwinshehe ambaye mwaka 1973 aliondoka kwenda kuunda Super Volcano, na ambaye ajali ya gari ilimchukua kule Kenya Januari 1979. Nyimbo zao nyingi zilirekodiwa kwa mono, bendi nzima ndani ya chumba kimoja, na nyingi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo leo ni TBC. Muziki ule unaishi katikati: sauti ya mtu, magitaa matatu yanayojibizana, saksafoni. Besi ya kutikisa vioo haimo, kwa sababu haikurekodiwa. Ukiupitisha kwenye sabufa, chombo kinaongeza uvimbe wa chini na mchele wa juu, kile cha katikati kinazama. Halafu kijana wa miaka 20 anasikia, anasema "hizi za zamani zilirekodiwa vibaya." Hapana ndugu yangu. Zinapigwa vibaya. Mji unaomsifia Mbaraka kila mwaka, kisha hauna sebule inayoweza kumsikika, unamsifia nani?

Na sisemi kila cha kale ni dhahabu. Nakataa. Amplifaya ya miaka 40 inaweza kuwa mtego. Kapasita hukauka, vitufe vya sauti hukwaruza, na ikiharibika vibaya inaweza kupeleka umeme wa moja kwa moja kwenye spika na kuichoma kubwa badala ya ndogo. Ndiyo maana usiinunue bila fundi mwenye mita. Apime kwenye matundu ya spika bila muziki: isizidi milivolti 50 hivi, ikiwa karibu na sifuri ni bora zaidi. Na angalia volti. Zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani ni za volti 100. Ukiichomeka kwenye 230 yetu bila transfoma ya kushushia, umeaga. Kwa asiyetaka presha hizo, kuna vile vibao vidogo vya kisasa vya amplifaya, havizidi kiganja, na bei yake ni ndogo. Kikiwa na adapta ya kueleweka, kinaweza kuendesha spika za omu 8 sebuleni vizuri tu. Hicho ningekichagua mara kumi kabla ya kile cha wati 5000, japo hakina hata taa moja ya bluu.

Mimi niliishia kwenye Technics ya mtumba, wati 35 kila upande, Kariakoo, shilingi 180,000 baada ya kubishana nusu saa. Nyuma ina swichi ya 110 na 220. Ina tundu la santuri. Niliipakata magotini kwenye treni ya SGR kutoka Dar mpaka Morogoro kama mtoto mchanga, abiria wa pembeni akaniuliza kama ni betri ya sola.

Technics ilikuwa jina la kampuni ya Matsushita ya Osaka, hiyo hiyo iliyotuletea redio za National zilizojaa kwenye kibanda cha fundi, na ambayo sasa inaitwa Panasonic. Na Osaka ndiko Morogoro Jazz walikokwenda kupiga kwenye maonyesho ya dunia ya Expo mwaka 1970. Nilipomwambia fundi hilo, alisema, "Basi wamerudisha ziara."

Hakuiwasha moja kwa moja. Alichukua balbu ya wati 100, ile ya zamani ya waya, akaiunga kwenye njia ya umeme kabla ya amplifaya. Akaniambia balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti, na balbu itakuwa imeiokoa. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, mgonjwa ni mzima. Iliwaka, ikafifia. Akasafisha vitufe, akabadilisha kapasita mbili. Ile twita iliyoungua haikupatikana ya kufanana. Aliweka nyingine ya omu zile zile. Ukisikiliza kwa makini, kulia na kushoto hazilingani tena, na hilo ni kosa langu, litabaki hapo.

Tulipofika nyumbani fundi akanifundisha jambo la mwisho. Weka wimbo wa mono, kaa katikati. Kama waya umefungwa sawa, chanya kwa chanya pande zote mbili, mwimbaji atasimama katikati ya spika, mahali ambapo hakuna kitu. Kama upande mmoja umegeuzwa, sauti itatawanyika, besi itakimbia, hutajua mtu yuko wapi. Tukaweka "Shida" ya Mbaraka. Mara ya kwanza alikuwa kila mahali na hayupo popote. Fundi akageuza waya mmoja. Mbaraka akasimama kati ya mlango na kabati la vyombo.

Mama alikuwa jikoni. Akaja na mwiko mkononi, akakaa kwenye kiti cha mjomba, kile ambacho tangu msiba watu wanakikwepa. Mimi kwa furaha nikanyoosha mkono niongeze sauti.

"Punguza, mwanangu," akasema. "Punguza nimsikie."

Nikapunguza. Naapa wadau, pale hatukuwa tunatumia hata wati mbili.

Kwa hiyo ile methali ya mchagua jembe naomba niirudishe kwa binamu kwa heshima zote. Mkulima wa Uluguru anayelima kwenye mteremko wa Matombo anachagua jembe, tena sana, kwa sababu udongo anaujua. Asiyechagua ni yule ambaye hajui shamba lake likoje. Kabla hujanunua amplifaya, ijue spika yako, kijue chumba chako, ujue unachotaka kusikia. Kisha geuza boksi, soma nyuma, maana ukweli wameuandika kwa herufi ndogo.

Nani bado ana spika za baba au za mjomba zimegeuka meza ya maua? Usiziuze kwa bei ya kuni. Kwanza ziulize omu ngapi.